Nilidhani ni Begi

Kama mgongo wako unauma na una sababu nzuri ya kuuma, naandika haya kwa ajili yako. Mtu ambaye mgongo unamuuma bila sababu huenda hospitali mapema, kwa kuwa hana cha kusingizia. Mimi nilikuwa nacho. Nilikuwa na begi la mtumba la kilo kumi na nne, nililolibeba mgongoni peke yangu kutoka Kampala hadi Kigali, kisha Dar es Salaam, kisha Lusaka. Nani angebeba kitu kama hicho kwa miezi minne asiumwe mgongo? Ungeniuliza wakati ule ningekucheka.

Sasa ninatembea, nalisema mapema ili usome bila hofu. Ilikuwepo miezi ambayo hakuna aliyejua kama miguu yangu ingerudi, daktari akiwemo. Yaliyobaki ni jinsi nilivyofika huko, na watu walionifikisha.

Naitwa Wawira. Kwetu ni nje kidogo ya Runyenjes, shamba la kahawa na migomba michache. Mama ni mtu wa Muthara, huko Tigania, aliyeolewa Embu. Baba alifariki zamani, tukabaki watatu: mama, mimi, na ndugu yangu mdogo Njeru, ambaye ana boda boda. Kwa miaka mitano nilifanya kazi kwenye saiba mjini, duka la kompyuta na intaneti, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwajazia watu maombi ya pasipoti. Wasichana wa kwenda Uarabuni, wazee wa kwenda kuona wajukuu ng'ambo, wachungaji. Niliwapiga picha, nikawachapishia fomu, nikawatakia safari njema. Siku moja ya mvua, hapakuwa na mteja hata mmoja, nikajaza ya kwangu.

Sikuwa na pesa za kusafiri kama watu wanavyosafiri kwenye picha. Nilikuwa na akiba ya mtu wa saiba. Lakini wanasema tembea uone, na nakuambia ukweli, nimeona. Safari ya mtu mwenye mfuko mwembamba ina adabu zake: ingia mji mgeni mchana, usiingie giza limeshika. Njia muulize mwanamke anayeuza kitu, kwa sababu hana haraka na anajua kila mtu. Kula pale waendesha pikipiki wanapokula. Lala chumba cha vitanda vya ghorofa pamoja na wageni wanane, na uwasalimu wote kabla hujavua viatu.

Kampala nililala kitanda cha juu ya msichana wa Gulu aliyekuwa akisomea uuguzi, akanifundisha mahali pa kupata chapati iliyozungushiwa mayai ya kutosha kwa siku nzima. Kigali nilipotea, nikamwonyesha bibi mmoja karatasi yenye jina la nyumba ya wageni. Hakujua Kiswahili, wala mimi sikujua Kinyarwanda. Alinishika mkono, tukapanda kilima kizima kimyakimya mpaka mlangoni, kisha akageuka akarudi alikotoka, na ndipo nilipofahamu kuwa hakuwa akienda upande huo hata kidogo. Dar es Salaam mama muuza vitumbua alikuwa akinirekebisha Kiswahili changu cha Embu kila asubuhi kabla hajanipa kitumbua, na nikikosea sana ananipa viwili kwa huruma. Niliwapenda hawa watu. Bado nawapenda.

Mgongo ulianza Kigali. Ni mji wa vilima, nikasema ni vilima na begi. Dar nikaanza kutoka jasho usiku mpaka shuka inakamulika, nikasema ni joto la pwani. Suruali ikaanza kuanguka, nikatoboa tundu jipya kwenye mshipi, kisha jingine, nikasema ni kwa sababu nakula mara moja kwa siku. Kila kitu kilikuwa na jibu lake. Nilikuwa najisifu hata: nilijiona nimekomaa, nimekuwa mwepesi, nimekuwa msafiri.

Lusaka ndiko jibu moja lilipokataa. Ilikuwa mwezi wa Juni, na Lusaka mwezi wa Juni ni baridi ya kuvaa sweta mbili. Mama aliyekuwa akifua shuka za nyumba ya wageni niliyofikia alikuja kwangu asubuhi ya tatu akiwa amebeba shuka yangu. Akaniuliza kwa Kiingereza cha upole kama nilikuwa naimwagia maji. Nikamwambia ni joto. Akatazama dirisha, akatazama sweta zangu mbili, akaniambia nirudi kwa mama yangu. Hakusema ni ugonjwa gani. Aliniandalia chai yenye maziwa mengi, akanibebea begi mpaka kituo cha basi, kwa sababu siku hiyo nilijaribu kuliinua na mgongo ukanikatalia.

Nilifika nyumbani Julai, ule wakati wa ukungu ambapo Runyenjes haioni jua mpaka saa sita. Watu walinisifu. Kanisani waliniambia nimepunguza vizuri, nimekuwa kama wale wa kwenye televisheni. Mama ndiye pekee ambaye hakunisifu. Aliniangalia mifupa ya mabega, akaenda jikoni kukoroga uji wa wimbi.

Nilirudi saiba. Nikawa nakaa saa moja, nasimama, naegemea ukuta, nakaa tena. Zahanati moja ikanipa vidonge vya maumivu, nami nikawaeleza vizuri kabisa juu ya begi, kwa hiyo siwezi kuwalaumu. Walitibu nilichowaambia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini kuna aina ya kuficha ambayo wao hawakuitaja: kuyapa maradhi jina lingine na kulisema kwa sauti.

Mwisho wa Septemba mama akasema twende Muthara tukakandwe.

Hapa inabidi nikueleze kitu kuhusu watu wetu. Kwetu mgongo haupelekwi kwa daktari kwanza. Mgongo unakandwa. Mtoto akianguka mtini, anakandwa. Mama akitoka kuvuna, kijana akianguka na pikipiki, mzee akiamka amepinda, wote wanakandwa. Na mkandaji tunayemwamini ni Cucu Karimi, yaani bibi Karimi, shangazi yake mama, mwenye vidole vya kuinua ndama. Sina neno baya juu yake. Wamepona mamia mikononi mwake, na hata mimi siku ya kwanza nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu Kigali. Alinipaka mafuta ya moto, akaniuliza habari za nchi za watu, na huku akiongea dole gumba lake likawa linashuka pingili kwa pingili. Alipofika katikati akasema hapa pamesimama kitu, pamejitokeza, lazima kirudishwe ndani. Akakisukuma. Siku ya pili akakisukuma tena. Siku ya tatu pia.

Asubuhi ya nne niliamka nikashusha miguu chini, ikafika sakafuni, na sikujua kama imefika. Nikasimama, nikaanguka juu ya jiko la makaa ambalo kwa bahati nzuri lilikuwa limezimika.

Cucu Karimi alisema ni damu inarudi, siku mbili na miguu itaamka. Mama alipiga magoti akanifinya kidole cha mguu kwa kucha. Nilikuwa namwangalia akifinya, na sikusikia chochote. Akasimama, akafunga leso yake vizuri, akamwambia shangazi yake kwa heshima zote kwamba hataki siku mbili. Akatoka hadi barabarani, akarudi na gari dogo la kubeba miraa, na dereva akiwa ameshashusha magunia. Walinilaza kwenye godoro nyuma. Nilikuwa nalia. Mama akaingia akakaa pembeni yangu katikati ya majani ya migomba yaliyobaki, yale ya kufungia miraa.

"Mimi ndio nimekuleta huku," akasema. "Na mimi ndio nitakutoa."

Hospitali ya Meru tulingoja. Kama hujawahi kungoja picha ya uti wa mgongo ukiwa juu ya kitanda cha magurudumu kwenye ujia, jua kwamba dari utaifahamu vizuri. Karibu yangu kwenye benchi alikuwa mzee mmoja wa Kangeta, mfanyabiashara wa miraa, aliyekuja kliniki ya mwezi wa nne wa dawa za kifua kikuu. Alikuwa amevaa barakoa na kofia ya sufu, na alikuwa na maneno. Aliposikia daktari akitaja kifua kikuu kwangu kwa mara ya kwanza, alisogea.

"Sasa wewe msichana, usiogope," akaniambia. "Hii kitu si mwisho. Lakini ukianza dawa, kesho yake ukienda choo na ukute mkojo ni rangi ya soda ya machungwa, usiite watu. Mimi niliita watu."

Nilicheka, mgongo ukaniuma, nikacheka tena. Nilikutana na wauguzi na madaktari wengi mwaka ule, lakini yule mzee ndiye mtu wa kwanza aliyenifanya niamini kwamba kuna maisha upande wa pili wa vidonge.

Daktari alikuwa kijana mtulivu, mwenye mazoea ya kukaa chini kabla ya kusema. Baada ya picha, na sindano ndefu ya kuchukua kipande cha kupima, alivuta kiti akanieleza kwamba kifua kikuu kimeingia kwenye uti wa mgongo na kula pingili mbili. Nikamwambia sikohoi. Akasema cha mgongo hakina haja ya kikohozi. Akaniuliza nimeumwa kwa muda gani. Nikamhesabia: maumivu tangu Kigali, lakini hayo ni begi, jasho tangu Dar, lakini hilo ni joto, kukonda, lakini huko ni bajeti. Aliandika yote.

"Kila dalili umeitafutia kazi nyingine," akasema.

Kisha akatoa hesabu yake. Dawa kila siku, miezi kumi na miwili. Kulala chali miezi miwili ya kwanza, na mkanda mgumu wa plastiki kuanzia kwapani mpaka kiunoni. Miguu kama ingerudi, ingeonyesha dalili ndani ya hiyo miezi miwili. Kama isingeonyesha, angenituma Nairobi kupasuliwa, na hata baada ya kupasuliwa hangeweza kuahidi kwamba nitatembea. Mwisho akauliza ni nani aliyenikanda. Mama akajibu kwamba ni shangazi yake, na kwamba yeye ndiye aliyenipeleka. Daktari akasema kwa upole tu kwamba mgongo huu usiguswe tena.

Alipotoka, nilimgeukia mama. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu huwa inatoka kama hasira, waliosoma nami watakuambia.

"Mama," nikamwambia, "wewe ndiye umenivunja."

Alichukua chupa ya chai iliyokuwa juu ya kabati, akaenda kuiosha. Alikaa huko muda mrefu kuliko chupa moja inavyohitaji. Aliporudi alikuwa na uji, akaninywesha kwa kijiko mpaka ukaisha, na hilo neno hatukulitaja tena.

Siku tisa nilizolazwa Meru, mama alilala kwenye katoni chini ya kitanda changu. Huyu ni mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa anajua njia mbili tu, ya kwenda kwa wazazi wake na ya kurudi kwa mume wake. Siku ya kwanza aliogopa hata lifti. Siku ya tatu alikuwa anajua maji ya moto yanapatikana wapi na saa ngapi, askari gani wa mlangoni ana mama mgonjwa wa kumwulizia hali, dirisha gani la dawa lina foleni inayotembea, na kwamba mpishi wa zamu ya asubuhi ni mtu wa Muthara. Hakuwa na pesa, wala Kiingereza, wala ramani. Alisalimu watu. Nilikuwa nimelala nikitazama dari na kumsikiliza akipita wodini, na nikatambua kwamba zile adabu nilizojivunia kuzijua Kampala na Kigali, huyu alizaliwa nazo. Mimi nilijiona msafiri. Msafiri alikuwa chini ya kitanda.

Tulirudi Runyenjes mvua za Oktoba zikianza, na hapo ndipo miezi miwili ilipoanza kuhesabiwa. Kitanda changu kiliwekwa sebuleni ili nione mlango. Nje kahawa ilikuwa imeiva na kila mkono ulihitajika shambani, lakini kila baada ya muda mama aliacha kikapu, akaingia na gumboots zenye matope, akanigeuza upande, akatoka. Mwili wangu ulikuwa umebadilika mpaka nikaogopa kuutazama. Mapaja yalikuwa yamelingana na mikono. Ngozi ya kisigino ilikuwa ikibanduka. Na ndiyo, siku ya pili ya dawa nilipata ile rangi ya soda ya machungwa, na sikuita mtu. Mambo ya beseni la kitandani sitayaeleza sana, ila kukuambia kwamba utazoea, na kwamba anayekubebea hilo beseni akiwa anakusimulia habari za ng'ombe wa jirani ni mtu wa kumshukuru Mungu.

Njeru hakuzoea. Alikuwa akinibeba kunipeleka juani asubuhi, kwa uangalifu kama anabeba mayai, lakini hakuwa akiniongelesha. Siku moja nikamlazimisha.

"Wewe ulienda kuona dunia," akasema. "Sisi tulibaki hapa tukingoja simu yako. Saa hii mathe amezeeka kwa miezi mitatu. Unataka nikuambie nini?"

Nilimwambia ni kweli. Akanifunika miguu blanketi, akaenda kazini.

Halafu kulikuwa na kikombe. Habari ya kifua kikuu ilishaenea, na ingawa muuguzi alikuwa amekuja akaeleza kwamba cha kwangu kiko mfupani na hakimrukii mtu, watu walikuwa wanasalimia wakiwa mlangoni. Akina mama wa kanisa walikuja kuniombea wakiwa kumi na mmoja, wakabanana kwenye viti vya mbali. Mama akawapa chai. Akanipa na mimi. Nilipoacha nusu, akachukua kikombe changu mbele yao, akakinywa chote polepole, akauliza ni nani wa kuongezewa. Mwenyekiti wao akahamisha kiti chake akaja kukaa karibu na kichwa changu, na wengine wakafuata. Mgonjwa haulizwi uji, na kuanzia wiki hiyo uji ulikuwa mwingi mpaka Njeru akaanza kunenepa.

Wiki ya tano ilipita miguu ikiwa kimya. Ya sita pia. Nilikuwa nimeanza kufikiria Nairobi na kisu, na nikawa silali vizuri. Wiki ya saba mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na siafu wakaingia ndani, kama wanavyofanya mashimo yao yakifurika. Mama alikuwa akiwafagia na kuwamwagia majivu. Mmoja alipanda kitandani bila sisi kumwona.

Nilipiga yowe. Mama akaacha ufagio, akafunua blanketi. Siafu alikuwa amening'inia kwenye kidole kikubwa cha mguu wa kushoto, ameng'ata kwa nguvu zake zote. Mama akanyoosha mkono amtoe.

"Mwache," nikamwambia. "Mwache kidogo."

Tulimwangalia, sisi wawili. Uchungu ulikuwa mdogo kama sindano, na ulikuwa wangu. Mama alikaa sakafuni penye majivu, akashika ule mguu, akalia kwa sauti mpaka Njeru akaingia mbio akidhani nimekufa.

Baada ya hapo miguu ilirudi kama mtu mvivu anavyoamka, sehemu kwa sehemu. Kidole, unyayo, goti. Daktari hakunituma Nairobi. Januari, jua likiwa kali na kahawa imekwisha, nilisimama nikiwa na ule mkanda wa plastiki, nikajua kwamba nimefupika. Njeru alikata miti ya mgrevilia akaipigilia misumari, reli mbili, kuanzia mlango wa jikoni mpaka mstari wa kwanza wa kahawa. Alisimama mwisho wake, akakunja mikono, akaniambia nije. Ilinichukua asubuhi nzima. Nilipomfikia akaniuliza kama Kigali ni mbali kuliko hapo, nikajua tumepatana.

Mvua za Machi zilinikuta na fimbo. Mwezi wa Julai, ukungu uliporudi, nilitembea mpaka soko la Runyenjes na kurudi, nikipumzika mara tatu. Kila mwezi nilienda kupimwa uzito na kuchukua vidonge, na mama alikuja kila mara, ingawa kuanzia mwezi wa sita sikumhitaji tena. Kwenye mabenchi alikuwa akiwauliza wengine wametoka wapi na wanaumwa nini, na akikuta mtu wa mgongo anamwuliza kwa ukali kama amekandwa. Wanawake wawili aliwatoa kwenye foleni ya dawa za maumivu akawapeleka yeye mwenyewe kwa daktari. Mmoja wao yuko kwenye matibabu sasa, anatembea.

Kwa hiyo wewe unayesoma na mgongo wako: usikubali maelezo yako mwenyewe upesi. Ukitoka jasho mahali pa baridi, ukikonda hali unakula, maumivu yakiwa hayalali nawe unapolala, nenda ukapimwe, na ukifika hapo wacha begi litajwe mwisho. Dawa zenyewe zilinipa kichefuchefu miezi miwili na viungo kuuma mwezi mzima. Nilizimeza. Miezi kumi na miwili ni mirefu, lakini ni misimu miwili ya mvua na mavuno mamoja ya kahawa, na hiyo mtu anaweza kuihesabu. Na ukipona, kama una hamu ya kwenda, nenda. Ugonjwa huu sikuupata kwa kutembea, daktari alinihakikishia ningeweza kuupata nikiwa nimekaa Runyenjes. Sijutii hata mji mmoja.

Kliniki ya mwisho ilikuwa Oktoba, kule Meru kwa daktari yule yule. Alitazama picha mpya, akanitembeza chumba kizima kwa visigino, kisha kwa vidole, akaniinamisha, akaandika. Akasema nimemaliza. Nisibebe kitu kizito kwa mwaka mwingine, lakini nimemaliza. Nikamshukuru, nikachukua mfuko wangu. Mama hakusimama.

"Daktari," akasema, "nilikuwa nauliza. Ile siku nilimpeleka akandwe. Ni mimi nilimvunja?"

Alikuwa anamwangalia daktari, si mimi. Mwaka mzima alikuwa amelibeba hilo neno, kwenye katoni, kwenye matope ya kahawa, kwenye kila benchi, na mimi niliyemtwika nilikuwa nimeshalisahau nusu. Nilitamani sakafu inimeze.

Daktari aliweka kalamu chini. Alimwambia pingili zilikuwa zimeshaliwa miezi kabla ya Muthara. Akamwambia kukandwa hakukusaidia, hilo asilifanye tena kwa mtu, lakini kilichovunja ni ugonjwa. Kisha akasema kwamba ameona wagonjwa wa aina hii wakiletwa baada ya wiki tatu za miguu kufa, na hao wengi hawatembei. "Huyu ulimleta siku hiyo hiyo, mama," akasema. "Ndio maana unamwona amesimama."

Mama aliitikia kwa kichwa, akashukuru, tukatoka. Nje kulikuwa na jua la baada ya mvua na watu wengi wakisubiri. Nilimshika mkono penye ukuta, nikamwambia lile neno nililisema kwa hofu na halikuwa la kweli, na kwamba ningepaswa kulirudisha siku ile ile. Nikamwomba msamaha. Nililia, sioni haya kusema.

Alinifuta uso kwa kona ya leso, kwa nguvu kidogo, kama anavyofuta meza.

"Imeisha, mwana wakwa," akasema. "Twende, gari la Embu linajaa."

Akatangulia. Ni mwanamke wa Tigania, na wanawake wa kwao hutembea kama wanachelewa hata wakiwa mapema. Kwa mwaka mzima alikuwa amekata mwendo wake nusu ili awe ubavuni mwangu, akisimama kila ninaposimama, akijifanya anatazama mahindi ya watu. Siku hiyo alishuka ule mteremko wa lango la hospitali kwa hatua zake mwenyewe, mfuko kwapani, akawapita wauza ndizi, akavuka barabara. Hakugeuka kunitazama hata mara moja.

Nikamfuata mbio.